Sebule ya Kukodi

Jumatatu, 6 Machi

Viti mia mbili vya plastiki vimeingia ghalani leo. Vyeupe. Vimepangwa palepale tulipokuwa tunaweka taa na reli ya kamera. Mume wangu alisimama katikati yao, mikono kiunoni, kifua mbele. Eti hii sasa ndiyo kampuni.

Kampuni ya filamu hiyo! Filamu ya mwisho tulipiga miaka mitatu iliyopita. Watu walipoanza kuangalia kila kitu bure kwenye simu, diski zetu zikabaki kuwa vioo vya kutishia ndege. Tukaanza video za harusi. Sawa. Bwana harusi mmoja akauliza kama tuna spika — tukawa na spika. Wa pili akaulizia tenti. Baadaye magauni na makoti ya maigizo yakaanza kukodishwa, halafu jenereta, ambayo siku hizi inatembea kuliko mimi. Sasa viti.

Sipingi. Tunakula kwa sababu ya tenti, naelewa. Lakini viti mia mbili havikai mfukoni. Ameviagiza lini? Wiki nzima tumelala kitanda kimoja na ameuchuna.

Kazi yangu kwenye filamu ilikuwa kuangalia vitu visibadilike. Mtu akishika kikombe kwa mkono wa kulia kwenye picha hii, asije akakishika kwa kushoto kwenye picha inayofuata. Miaka kumi na sita ya kuhesabu vifungo, kukagua nywele, kuandika nani alikaa wapi. Ukishazoea huwezi kuacha ukifika nyumbani. Na nyumbani kuna kitu kimebadilika.

Alhamisi, 9 Machi

Asubuhi alitoka na shati la bluu, mikono imekunjwa mara tatu. Nimekunja mwenyewe. Amerudi imekunjwa mara mbili.

Nikamuuliza leo ulikuwa wapi. Kwa fundi tenti, akasema. Kwa fundi tenti watu wanavua mashati?

Labda aliona joto. Labda alinawa. Naandika tu.

Jumatano, 15 Machi

Biashara mpya tena! Hii ni ya Mama Poda, mpambaji wetu. Yeye ndiye alikuwa anazeesha vijana na kufufua wazee kwenye filamu zetu, na kichwa chake hakipumziki.

Ilianza na sebule. Ile sebule ya maigizo bado imesimama mwisho wa ghala: kuta tatu za plaiwudi, kochi, zulia, dirisha ambalo nje yake ni bustani iliyochorwa kwenye kitambaa, na mlango usioenda popote. Watu walikuwa wanaikodi wapige picha, waonekane wana kwao pazuri. Mama Poda akaona mbali zaidi. Akasema sebule bila watu ni samani tu. Tuna waigizaji wamekaa hawana kazi, kwa nini tusikodishe na familia?

Nilidhani ni utani. Si utani! Mtu ana posa, ndugu zake wako mbali, au wamegombana, au hana kabisa. Anakuja kwetu anajaza fomu: mjomba mmoja, mashangazi wawili, saa ngapi hadi saa ngapi, wawe wapole au wakali. Yule mzee wetu aliyekuwa jambazi kwenye filamu zote sasa anagombewa kama mjomba. Analia bila kuambiwa. Wiki iliyopita aliwaliza hadi wapishi.

Nilicheka sana, sikatai. Halafu nikauliza fomu ya kwanza ilijazwa lini. Mama Poda akamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia dari.

Januari, akasema.

Sasa ni Machi. Miezi miwili biashara inaendeshwa kwenye ghala langu, mimi sijui! Machale yamenicheza.

Jumamosi, 18 Machi

Simu yake iliita tukiwa mezani. Akatoka nayo uani. Mtu wa tenti hapokelewi uani.

Nikaenda dirishani kukunja mapazia. (Mapazia hayakuhitaji kukunjwa.) Nilisikia maneno machache tu. Umekula? Usiogope, nitakuja mwenyewe. Na alisema polepole, kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba.

Umekula! Mimi nilikuwa na malaria siku nne mwaka jana, hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Aliniuliza funguo za jenereta ziko wapi.

Jioni nilimbana Mama Poda. Nikamuuliza waziwazi, huyu mtu ana mwanamke? Akaanza kupanga brashi zake, akazipanga upya, akasema dada, mimi ni wa poda tu. Anauma maneno. Kama hakuna kitu si angesema hakuna?

Ijumaa, 24 Machi

Nimefanya jambo ambalo nilikuwa nawacheka wanaolifanya. Nimemfuata.

Alitoka saa nne, amebeba begi la vifaa. Akapita mtaa wa mafundi viatu, akakata kulia kwenye duka la magodoro, akaingia kwenye uzio wa vyumba vya kupanga. Nikasimama ng'ambo kwa muuza vocha, nikanunua vocha ambayo sikuihitaji.

Binti akafungua mlango. Miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Nywele zimesukwa nyuma, kanga kiunoni, anacheka. Hakumkumbatia wala hakumshika. Alimpokea begi tu. Mume wangu akachuchumaa mlangoni, akatoa bisibisi, akaanza kumtengenezea kitasa.

Kitasa!

Kitasa cha bafu letu kimeharibika tangu Julai. Miezi minane naoga nimeegemeza ndoo mlangoni. Kila nikisema, eti hana bisibisi.

Nilisimama pale hadi muuza vocha akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Nilijikaza hadi nyumbani, nikalia bafuni, ndoo mlangoni kama kawaida.

Jumatatu, 27 Machi

Sikusema kitu Jumamosi wala Jumapili. Nimejikausha. Nilitaka ushahidi kwanza.

Leo shemeji — mdogo wake, mpiga picha wetu — alienda kufunga spika mahali. Akaacha kompyuta wazi. Nilikaa kuchagua picha za harusi ya juzi, nikaona faili moja halina jina, tarehe tu: 14 Januari. Nikalifungua.

Ukumbi mdogo. Watu kama thelathini. Binti yuleyule anavishwa pete ya uchumba. Na pembeni yake, kwenye kiti cha baba mzazi, amekaa mume wangu.

Nilishusha pumzi ndefu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe ni kazi! Amekodishwa! Nikakimbilia kabati la fomu. Kweli ipo: baba, mmoja, saa nane hadi saa kumi na moja, mpole. Mama je? Imeandikwa: "yuko safarini". Basi. Moyo ukatulia.

Ulitulia dakika tano. Nikarudi kuangalia video mara ya pili, na mara hii niliangalia kama ninavyoangalia kazini.

Mume wangu hajui kuigiza. Hilo linajulikana na kila mtu. Kila filamu alikuwa anajipa kipande kidogo, daktari au jirani, na kila filamu tulikuwa tunakikata, kwa sababu ya mikono. Kamera ikimwangalia mikono inamkauka, anaishikilia mbali na mwili kana kwamba imelowa rangi. Hana dawa. Sasa kwenye hii video mikono imetulia. Mmoja uko gotini, mwingine unafuta kitu begani kwa binti, uzi au unywele, bila hata kuangalia. Halafu akasimama akasema, huyu ni mwanangu wa pekee, mtunzeni.

Hakubabaika hata neno moja. Sasa huyu anaigiza, au haigizi?

Nimepekua kabati lote. Fomu ya binti ni hiyo moja tu, ya siku moja. Ya kitasa haipo. Ya simu za uani haipo.

Binti ana miaka ishirini na tatu. Sisi tumeoana miaka kumi na nne. Miaka ishirini na nne hivi iliyopita, kabla yangu, aliishi miaka miwili kwenye mji mwingine, akifanya kazi kwenye studio ya picha, na habari za miaka hiyo hajawahi kunisimulia zikaisha. Hesabu inakubali. Nimeifanya mara tatu na inakubali.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimemuuliza. Alikuwa anapiga pasi vitambaa vya viti. Nikachomoa waya ukutani ili asije akaunguza kitu, nikasema: yule binti ni wako?

Hakuuliza binti gani. Hilo nimeliandika kichwani.

Akakaa kitandani. Akasema si wangu. Akasema binti hana wazazi, alilelewa na bibi ambaye alifariki, na wakwe walikuwa wanataka kumuona mtu. Mama Poda alikuwa amempangia yule mjomba wa machozi, mzee akaugua siku hiyohiyo. Ikabidi aende yeye. Mchana mmoja tu, ndivyo alivyodhani. Wiki iliyofuata binti akapiga simu kuuliza mkataba wa chumba unasomwaje. Wiki iliyofuata tena, kuhusu kazi. Mara kitasa.

Nikamuuliza kwa nini hukumwambia muda wake umeisha.

"Nilitaka. Akaniita baba, nikashindwa."

"Ni kazi! Alijaza fomu!"

"Najua. Nimeichana ya pili. Alitaka kujaza nyingine, nikaichana."

Kwa nini hukuniambia mimi? Akasema aliona aibu. Aibu ya nini, hakusema.

Siamini. Mtu anayeficha viti mia mbili anaweza kuficha mtoto mmoja. Na nimeona sikio. Kwenye video, binti akigeuka, ndewe ya sikio imeshikana na shavu kama ya kwake. Nimegandisha picha pale nikaikuza mpaka ikawa miraba miraba. Inafanana. Nadhani inafanana.

Jumanne, 4 Aprili

Mambo yamezidi. Wakwe wanataka kufika "nyumbani". Wanataka kumuona mama aliyekuwa safarini. Ni tarehe 22.

Kikao kilifanyika juu ya viti vyeupe: mume wangu, shemeji, Mama Poda, mimi. Shemeji akasema tuseme ukweli tu. Mume wangu akasema binti ataachwa, shangazi wa yule kijana mchumba wake ni moto, tangu Januari anauliza maswali. Kufika kwetu kwenyewe haiwezekani. Majirani wanajua hatuna mtoto, watatuumbua hata chai haijamiminwa. Kwa hiyo sebule ya maigizo. Upande usio na ukuta utafungwa kwa pazia ili ghala lisionekane, wageni waingizwe kwa mlango wa pembeni, shemeji amesema anaweza kupaandaa.

Mama Poda akasema mama anamleta yeye, yupo mwigizaji mzuri, mnene kidogo, anacheka vizuri.

"Hakuna mwanamke mwingine atakayekaa kwenye lile kochi kama mke wake!"

Nani alisema? Mimi. Hata sikujua kama nimefungua mdomo. Wote wakanigeukia. Mume wangu akataka kunishika mkono, nikauondoa.

Sikusema nimekubali kwa ajili yake. Nataka kumuona binti kwa karibu, kwenye mwanga mzuri. Sikio halidanganyi.

Jumapili, 16 Aprili

Tumehitaji picha za ukutani, maana familia isiyo na picha itatiliwa shaka. Binti ametuma aliyonayo. Moja tu! Ana miaka sita hivi, sare ya shule, soksi moja imeshuka. Begani kwake kuna mkono wa mtu mzima, mwenyewe amekatwa. Nikachukua lenzi ya shemeji. Picha imefifia, masikio yamekuwa moshi.

Nimeitafutia fremu. Nimeijaribu juu ya kochi, nikaihamishia karibu na mlango, nikairudisha juu ya kochi. Mume wangu alikuwa anashika misumari.

Kitu kimoja naandika hapa kwa kuwa hapana pa kukisemea. Mwaka wa tatu wa ndoa, tulipotoka kwa daktari, alinishika bega kwenye ngazi akaniambia, mimi sina haja ya mtoto, nina wewe na kamera. Hatukuwahi kurudia mazungumzo hayo. Niliyaamini. Nimelalia maneno yale miaka kumi na moja.

Jumamosi, 22 Aprili

Naandika nyuma ya ukuta wa plaiwudi, kwenye karatasi zangu za kazi, maana ubao uko hapa na kalamu imefungwa kwa kamba. Nitazibandika baadaye.

Wako sebuleni sasa hivi. Nimetoka kwa mlango usioenda popote, nikasema naleta chai. Chai ipo hapa kwenye chupa, vikombe vipo, trei ipo. Mwenye kuitoa ndiye hayupo sawa.

Nianze mwanzo. Binti alifika mapema, kabla ya wakwe. Akanisalimia, "Shikamoo," akainama kidogo, nikamshika kidevu nikamgeuza kwenye taa kama tunavyowageuza waigizaji. Nadhani aliona ni mambo ya poda, akatulia. Nikaangalia. Sikio la kulia, sikio la kushoto. Pua. Kucha. Meno alipotabasamu.

Hakuna. Hafanani naye hata kope! Ndewe ya sikio imeachana kabisa na shavu, ilikuwa kivuli cha taa ya ukumbini. Si wake. Alisema kweli.

Nilitegemea kufurahi. Furaha haikuja. Nilisimama nimemshika mtoto wa watu kidevu, sijui nifanye nini na uso wake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, nikuiteje? Nikamwambia subiri wageni.

Wageni wakaingia: kijana, baba yake asiyeongea, na shangazi. Lo, shangazi! Huyo ni mimi na nusu. Hajakaa vizuri ameshapapasa kochi, amelitazama zulia, amelisogelea dirisha. Bustani nzuri, akasema, mbona majani hayatikisiki? Mume wangu akasema leo hakuna upepo. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko ko ko. Shemeji akakohoa nyuma ya pazia kuziba ule mlio.

Halafu akatazama saa ya ukutani.

Tukipiga filamu saa huwa tunatoa betri, ili kila picha iwe na saa ileile. Leo asubuhi niliipanga saa nne na robo, muda wa wageni kufika, nikatoa betri. Kwa mazoea! Mimi mwenyewe, mwangalizi mkuu! Walikuwa wamekaa karibu saa nzima na bado ilikuwa saa nne na robo.

Saa yenu imekufa, akasema, na macho yake yamenitoboa.

Nikasema ndiyo, mama, nimemwambia huyu anunue betri tangu mwezi uliopita, lakini unawajua wanaume. Ilitoka yenyewe. Baba wa kijana akacheka, sauti yake ya kwanza tangu afike. Shangazi naye akalegea kidogo. Nikaona binti anapumua.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini shangazi alikuwa hajamaliza. Akaitazama ile picha moja juu ya kochi. Akauliza, na safari hii hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mwanamke anavyomuuliza mwanamke mwenzake:

"Mmoja tu? Hamkutaka mwingine?"

Aliniuliza mimi. Mume wangu akajibu.

"Tulitaka," akasema. "Tulitaka sana. Mimi hasa. Haikuwa."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama zulia. Sauti yake ilikuwa ile ya uani, na hakuna kwenye ghala hili aliyemwandikia maneno yale.

Miaka kumi na moja! Hukunidanganya na mwanamke, ulinidanganya kwenye ngazi za daktari, ukinishika bega. Mimi nikashukuru. Mimi nikayazika ya kwangu ili nisikuchoshe. Nikanyamaza wakati tungeweza kulia wote wawili, kwa wakati wake, tukamaliza. Ukaenda kulia kwa mteja.

Nikasema naleta chai. Sijui nimekaa hapa dakika ngapi.

Ninaweza kurudi na kusema neno moja tu, kila kitu kikaanguka: kuta, bustani, posa. Mume wangu angejua anavyojisikia mtu aliyeambiwa sivyo. Lakini yule binti amekaa kwenye ukingo wa kochi, magoti yamebanwa, anatazama mlango huu. Najua kwa sababu kuna tundu la skrubu kwenye plaiwudi na nachungulia. Hatazami mchumba wala shangazi. Anatazama mlango.

Shangazi anasema chai ya nyumba hii inachumwa shambani au? Mume wangu anasema ngoja nikamsaidie. Binti amesimama, anasema hapana baba, kaa, nitakwenda mimi.

Hajui nyuma ya mlango kuna nini. Na akiufungua, shangazi ataliona ghala.

"Mama!"

Nimetazama nyuma yangu. Kweli nimetazama nyuma, kutafuta anayeitwa.

"Mama, nije?"

Kikombe kimegonga kisahani. Shangazi anauliza, huyo mama yako mbona haitiki?

Nimeitika. Sauti imetoka kubwa kuliko nilivyotaka, na sasa wote wananingoja.